Kocha Akikosa Ushindi, Je, Ametenda Kosa?



Kagera Sugar iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2024/25, wengi wetu huku Karagwe na Kyerwa tulikuwa tumekwisha kumhukumu kocha. Niseme makocha, maana ndani ya msimu huo Paul Nkata kutoka Uganda aliondoka, akaja Melis Medo, na timu ikashuka vilevile. Wachache waliuliza makocha hao walipewa wachezaji gani. Timu ya kiwanda cha sukari, yenye makao yake uwanja wa Kaitaba, haina mfuko wa Simba wala wa Yanga.

Swali linalofichika hapo ni la haki: mwajiriwa asipopata matokeo, je, ametenda kosa? Kesi iliyolichambua swali hili kwa kina ilitokea Marekani, katika Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho Watanzania wanakifahamu kwa ajili ya Hasheem Thabeet.

Huko, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hakuwa akinunua wachezaji kama vilabu vyetu vinavyosajili. Kwa miaka mingi sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikataza wanafunzi kulipwa. Kocha aliweza kuahidi ufadhili wa masomo, basi. Ilimpasa kusafiri, kuketi na wazazi sebuleni, na kumshawishi kijana wa miaka 17 au 18 amwamini yeye kuliko makocha wengine wote waliopita mlango uleule. Naye kijana akiwa hodari, huondoka mapema. Thabeet, aliyesoma Makongo jijini Dar es Salaam, alianza kuichezea Connecticut mwaka 2006 chini ya kocha Jim Calhoun. Mwaka 2009, kabla ya kumaliza miaka minne, aliingia ligi ya kulipwa ya NBA akiwa chaguo la pili, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Kwetu ilikuwa sherehe. Kwa kocha lilibaki pengo la zaidi ya mita mbili.

Calhoun alistaafu mwaka 2012. Msaidizi wake, Kevin Ollie, aliyekuwa pia mchezaji wa chuo hicho, alirithi kiti, na mwaka 2014 akatwaa ubingwa wa taifa. Kisha mambo yakaharibika: misimu miwili mfululizo timu ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Machi 2018 akafukuzwa. Chuo hakikusema kimemwondoa kwa kushindwa, kwa sababu hilo lingekilazimu kumlipa mamilioni yaliyobaki katika mkataba. Kilisema amevunja taratibu za kuwatafuta wachezaji. Miongoni mwa tuhuma, kwamba alirusha mpira kikapuni pamoja na kijana aliyekuja kukitembelea chuo.

Tusimfanye Ollie mtakatifu. Mwaka 2019 NCAA ilimkuta na hatia na kumwekea vizuizi vya miaka mitatu. Lakini chama cha wafanyakazi wa chuo kilikuwa kimemfungulia shauri, kwa kuwa mkataba wa pamoja ulidai sababu ya haki kabla ya mtu kufukuzwa. Januari 2022 mwamuzi aliamua kwamba sababu hiyo haikuwapo, na chuo kikaamriwa kumlipa zaidi ya dola milioni 11.

Kiasi hicho cha fedha kinatushangaza, ila kwangu jambo zito ni namna alivyokipata. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao, akiwafikiria maskini wa viwandani. Bingwa wa mpira wa kikapu alisimama chini ya mwavuli huohuo.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Uwezo mdogo wa kazi waweza kuwa sababu, lakini kwanza mwajiriwa aelezwe kiwango kinachotakiwa, aonywe, apewe nafasi ya kujirekebisha. Kumtafutia kosa la nidhamu mtu ambaye shida yake ni matokeo ni kumpokonya riziki na jina jema kwa pamoja. Hili linawahusu mwalimu ambaye darasa lake limefeli na mhasibu wa chama cha msingi cha kahawa ambacho mapato yake yameshuka, sawasawa na kocha.

Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga hiyo. Mwingine anayeona ameachishwa isivyo haki apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi mikoani, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Wengi hufika tumaini likiwa lingali hai, lakini siku 30 zimekwisha kupita.