Kondoo Anayekonda Katikati ya Majani Mabichi

Mvua za Machi hadi Mei zinapoinyeshea nchi iliyo kati ya Mwamba wa Tororo na mto Sio, majani hustawi hadi magotini, na kila mwenye kondoo wawili au watatu hutarajia kuwaona wakinenepa. Lakini mara nyingi huwa kinyume. Kondoo aliyefungwa kamba kando ya shamba la mihogo hupoteza nguvu, manyoya yake hukosa mng'ao, na chini ya taya huota uvimbe laini kama kifuko cha maji. Asubuhi moja huonekana amelala ubavu, amekufa, ilhali majani mabichi yamemzunguka pande zote.

Hapo ndipo maneno huanza. Jirani aliyepita jioni hutajwa kwamba labda ametia sumu, ama ana kijicho. Huko Masaba, wilayani Busia upande wa Uganda, kama ilivyo ng'ambo ya mpaka katika Busia ya Kenya, kondoo si pambo la boma. Kondoo ni karo ya mtoto, ni nauli ya kwenda hospitali, ni kitoweo cha siku ya wageni. Kufa kwake ni hasara, na kumlaumu jirani asiye na hatia ni hasara ya pili, ambayo haina dawa dukani.

ADUI ALIYE TUMBONI

Mara nyingi mwuaji wa kondoo wa namna hii ni mnyoo mdogo mwembamba, ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Jike lake lina urefu wa sentimita 2 hadi 3, nalo huonekana kama uzi mwekundu uliosokotwa pamoja na uzi mweupe. Wekundu ni damu aliyoinyonya, na weupe ni mirija ya mayai. Makao yake ni tumbo la nne la kondoo, ambako hutoboa ngozi laini ya ndani na kunywa damu.

Mnyoo mmoja hupoteza damu kidogo sana, kama sehemu 5 za mia za mililita kwa siku. Lakini kondoo mwenye minyoo 1,000 hupoteza mililita 50 kila siku, na mwenye minyoo 5,000 hupoteza robo lita. Kondoo wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 25 ana damu ipatayo lita moja na nusu tu mwilini mwake. Basi si ajabu kwamba huanguka bila hata kuharisha, kwani ugonjwa huu kwa kawaida hauleti kuhara. Ule uvimbe wa chini ya taya hutokea kwa sababu damu imepungukiwa na protini, na maji yake huvuja na kukusanyika.

Ng'ombe nao hawakusalimika. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, ukiwa na makao yake Busia, uliwafuatilia ndama 548 tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka mmoja, kuanzia mwaka 2007 hadi 2010. Ndigana ilikuwa ya kwanza kwa kuua, lakini minyoo ya jamii hiyohiyo ya wanyonya damu ilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo.

BAKTERIA: RAFIKI WA KONDOO, CHAKULA CHA ADUI

Ili kuyaelewa maisha ya mnyoo huyu, yafaa kwanza kuwafahamu bakteria. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria ugonjwa tu. Hata hivyo, kondoo hana uwezo wa kuyeyusha nyuzi ngumu za majani kwa nguvu zake mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika, waishio katika tumbo lake la kwanza lililo kubwa. Wao huchachusha majani na kutoa asidi ambazo kondoo huzitumia kama nguvu. Kisha bakteria wenyewe husukumwa hadi tumbo la nne na kumeng'enywa, wakawa protini ya kujenga mwili. Kwa hiyo anayemlisha kondoo huwalisha bakteria kwanza. Ndiyo maana si vyema kumwagia kondoo nafaka nyingi ghafla, maana bakteria waliozoea majani huvurugika, na mnyama aweza kufa.

Tumbo la nne huwa na ukali mkubwa wa asidi, nao huwazuia bakteria wengi wasizaliane humo. Minyoo inapojaa, ukali huo hupungua, na bakteria wasiostahili kuwapo mahali hapo huongezeka. Hivyo mnyoo huiba damu na pia huvuruga utaratibu mzima wa tumbo.

Tena, mnyoo jike hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku, nayo hutoka pamoja na samadi. Mayai huangua mabuu, na mabuu hao wachanga hula bakteria waliomo katika samadi. Penye joto na unyevu, buu hukomaa kwa muda wa siku 4 hadi 7. Kisha hupanda juu ya jani kwa kufuata utando wa umande, akangoja kuliwa. Akishamezwa, huchukua takriban wiki 3 kabla ya kuanza kutaga.

KAMBA NA KIGINGI

Hapa ndipo ilipo siri ya kondoo anayekonda katikati ya majani. Kondoo aliyefungwa kigingi kimoja kwa wiki mbili hula mahali anaponyea. Mabuu walio wengi hukaa kwenye sentimita 5 za chini za jani, na kondoo mwenye njaa hulila jani hadi ardhini.

Dawa ya kwanza, basi, haiuzwi kwa fedha. Kigingi kihamishwe kila baada ya siku 3 au 4, kabla mabuu hawajakomaa, na mahali palipoachwa pasirudiwe upesi. Katika nchi za joto na mvua mabuu hawaishi muda mrefu majanini, kwani huimaliza haraka akiba ya chakula waliyo nayo. Wengi wao hufa katika wiki 5 hadi 8. Umande nao uachwe ukauke kabla kondoo hajapelekwa malishoni. Majani ya viazi vitamu, lukina na kaliandra humwongezea protini, na kondoo aliyeshiba protini huvumilia minyoo kuliko aliye dhaifu.

DAWA ITUMIWE KWA AKILI

Katika masoko ya Busia na Malaba dawa za minyoo hupatikana pande zote mbili za mpaka. Mojawapo, ivermectin, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981, ilitokana na bakteria wa udongoni aliyepatikana nchini Japani. Ugunduzi huo uliwapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini minyoo hujifunza kuishi na dawa. Anayetoa nusu ya kipimo ili chupa itoshe kundi zima huua minyoo dhaifu tu, na kuwaacha wenye nguvu wazaane. Usugu wa namna hii umeonekana Kenya na katika nchi nyingi duniani.

Madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi 5 iitwayo FAMACHA. Ukope wa chini wa kondoo hufunuliwa na kulinganishwa na kadi. Ukiwa mwekundu, kondoo ana damu ya kutosha, aachwe. Ukiwa umepauka au kuwa mweupe, apewe dawa kamili kwa uzito wake. Majike wanaokaribia kuzaa na wana-kondoo watazamwe zaidi. Nyama na maziwa visitumiwe hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Mbegu nayo yafaa kuchaguliwa. Majaribio yaliyofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, yalionyesha kwamba kondoo wekundu wa Kimaasai huhimili minyoo na kufa kwa uchache kuliko Dorper, ingawa Dorper ana mwili mkubwa. Penye mvua nyingi, ukubwa wa mwili si hoja ikiwa mwenye mwili hafiki sokoni.

Jambo moja lisisahauliwe. Kondoo akifa ghafla, hasa akitokwa damu puani au sehemu ya haja, asichunwe wala kuliwa. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua watu pia. Daktari wa mifugo aarifiwe mara moja. Na kabla ya kumshuku jirani, mwenye kondoo na aufunue kwanza ukope wa wale waliobaki hai. Akiukuta mweupe, atakuwa amemjua mwizi wa damu, na urafiki wa jirani utakuwa umesalimika.