Ulipata Ngapi?

Mtihani wa vitendo wa kemia katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huchukua saa 2 na dakika 15. Mjadala unaoanza mlangoni pa maabara huweza kuendelea hadi usiku. "Ulipata ngapi?" Mmoja anajibu 24.6, mwenzake 24.5, wa tatu anataja 23.9 na papo hapo uso unamshuka. Wikendi ikifika, wanafunzi wa kutwa wanakutana na wenzao wa shule jirani na kusikia kwamba huko karibu kila mtu alipata 22.8. Sasa shule nzima inaamini kwamba imeanguka.

Kumbe 24.6 ya shule moja na 22.8 ya shule nyingine zinaweza kuwa sahihi zote.

Tuanze na jaribio lenyewe. Mtahiniwa huchukua pipeti, anapima sentimita za ujazo 25 za alkali, mara nyingi sodiamu haidroksaidi, na kuzitia kwenye chupa yenye umbo la koni. Anaongeza matone mawili matatu ya fenoftalini na mchanganyiko unageuka waridi. Kisha anafungua koki ya bureti na kuiacha asidi idondoke, huku mkono mwingine ukiitikisa chupa, mpaka tone moja liifute rangi ile. Ujazo wa asidi uliotumika ndio namba inayozua ubishi nje.

Namba hiyo haitegemei ustadi wa mkono peke yake. Inategemea pia aliyetayarisha kemikali. Vipande vya sodiamu haidroksaidi vikikaa wazi hunyonya unyevu na kabonidioksidi ya hewani, hivyo gramu 4 zilizosomwa kwenye mizani huwa na alkali pungufu. Asidi nayo ikizimuliwa kwa maji yaliyozidi kidogo, bureti itateremka zaidi kabla ya rangi kupotea. Mtahiniwa hawezi kuyajua haya, wala hastahili kuadhibiwa kwa ajili yake.

Ndiyo maana mwalimu wa kemia wa kila shule hufanya jaribio lilelile kwa kemikali zilezile, na matokeo yake hutumwa pamoja na karatasi za watahiniwa. Msahihishaji hulinganisha namba ya mwanafunzi na hiyo ya shule yake. Utaratibu wa kawaida wa usahihishaji ni huu: aliyeikaribia kwa tofauti isiyozidi 0.1 hupata alama nzima ya usahihi, na aliyepishana nayo kwa hadi 0.2 hupata nusu. Kwa hiyo 22.8 ya shule jirani haimhusu kabisa aliyepata 24.6 katika maabara yake.

Tena usahihi huo ni sehemu ndogo tu ya alama za jedwali ambamo mtahiniwa huandika vipimo vya bureti. Kuna alama ya kulijaza lote, majaribio yote matatu, bila kukosea kutoa. Kuna alama ya kutafuta wastani kwa kutumia namba zilizokaribiana, si kila namba iliyopatikana. Na kuna alama ya desimali, ambayo huwaponyoka hata wanafunzi hodari. Bureti ya shuleni imechorwa mistari ya 0.1, jicho linaweza kukisia nusu ya nafasi kati ya mistari miwili, basi. Anayeandika 24.65 anaeleweka. Anayeandika 24.63 amedai kuona kitu ambacho kifaa hakionyeshi. Vivyo hivyo, aliyeandika 24.6 kwenye safu moja na 24.50 kwenye nyingine amepoteza alama, ingawa namba zote mbili ni nzuri. Haya hayatajwi kabisa katika ubishi wa nje, kwa kuwa kila mmoja ametoka na wastani tu kichwani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye hesabu zinazofuata, hasa wengi wanapokubaliana. Tuseme alkali ilikuwa na moli 0.2 kwa lita na asidi ni salfuriki. Sentimita 25 za alkali zina moli 0.005. Kwa kuwa moli moja ya asidi hiyo huhitaji moli mbili za sodiamu haidroksaidi, asidi iliyotumika ni moli 0.0025. Ukizigawanya kwa lita 0.0246 unapata takriban moli 0.102 kwa lita. Aliyesahau uwiano wa moja kwa mbili atapata 0.203. Wanafunzi kumi wakisahau pamoja, mmoja aliye sahihi ndiye atakayelala na wasiwasi! Kura za wengi hazisawazishi mlinganyo wa kemia.

Hata huyo aliyepata 0.203 hajapoteza kila kitu. Alama hugawanywa kwa hatua, na mtu anayeikosa hatua moja kisha akaendelea vizuri na namba yake kwa kawaida hupata alama za hatua zilizobaki. Aliyeandika jibu tupu bila kuonyesha njia hana pa kuokolewa.

Ubishi mwingine hutokana na kumbukumbu. Katika kemia ya KCSE majibu huandikwa kwenye nafasi zilizoachwa katika karatasi yenyewe ya maswali, na karatasi hiyo hukusanywa. Wanaobishana hawana swali mbele yao. Mmoja anakumbuka kwamba gesi ilipimwa katika hali ya kawaida ya chumba, ambapo moli moja huchukua lita 24. Mwingine amekariri 22.4, ujazo wa gesi katika nyuzi 0. Moli 0.1 inampa wa kwanza lita 2.4 na wa pili 2.24. Swali lenyewe ndilo lingeamua, nalo limefungiwa ndani ya bahasha.

Kuna swali moja la vitendo ambalo kulilinganisha kuna faida ya kweli, nalo ni la kutambua ayoni. Mwanafunzi anasema, "Mimi niliandika risasi." Mwenzake anasema aluminiamu. Wakiishia hapo, hakuna aliyejifunza. Wakiulizana waliona nini, mambo yanafunguka. Ayoni za risasi, aluminiamu na zinki zote hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka sodiamu haidroksaidi ikizidishwa. Amonia ikizidishwa huyeyusha ya zinki peke yake. Zinabaki mbili, na potasiamu ayodaidi huzitenganisha: ya risasi hutoa mashapo ya manjano, aluminiamu haitoi kitu. Aliyeandika ayoni zote tatu mahali ambapo jaribio lilikwisha kuondoa moja huenda akapunguziwa alama, na hapo sababu inaonekana wazi.

Mjadala wa aina hii ndio ambao walimu wangepaswa kuuruhusu, hata kuupangia kipindi, baada ya mitihani ya majaribio ya muhula wa pili. Kila mwanafunzi arudishiwe karatasi yake, apewe mwongozo wa kusahihisha, akae na mwenzake na kupitia jedwali safu kwa safu: desimali, wastani, uwiano wa moli. Baraza la Mitihani la Kenya nalo huchapisha ripoti zinazoeleza maswali yaliyowashinda watahiniwa na makosa waliyoyafanya. Ripoti hizo zisifungiwe kwenye kabati la ofisi ya walimu. Ziwafikie wa kidato cha tatu wangali na mwaka mzima wa kushika bureti.