Linki ikikuambia "ingia", usikimbilie kuweka neno la siri

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja ofisini kwetu ameshika simu, uso umejaa huzuni. Mpwa wake aliyeko Ubelgiji alikuwa amemtumia linki ya posti yenye habari za msiba wa familia: siku ya maombi, saa, na namna ya kutoa mchango. Mama aliisoma vizuri. Alipotaka kuandika pole, ukurasa ukamwambia aingie kwanza kwenye akaunti. Akaweka barua pepe na neno lake la siri mara tatu, na mara zote akakataliwa. Akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto amenifungia mlango."

Hakuwa amemfungia. Wote wawili wanatumia Mastodon, na mtandao huo una utaratibu ambao wengi wetu hatujauzoea.

Facebook ni kama nyumba moja kubwa: wote tumo ndani. Mastodon, ambayo Eugen Rochko aliianzisha Ujerumani mwaka 2016, ni nyumba nyingi. Kila nyumba huitwa seva, na ina wasimamizi wake na sheria zake. Seva hizo huwasiliana, kama vile mwenye laini ya Vodacom anavyompigia mwenye Airtel. Lakini akaunti yako iko kwenye seva moja tu, ile uliyojiandikisha. Ndiyo maana anwani yako ina sehemu mbili: jina lako, kisha jina la seva yako.

Sisi tuliopita kambini tunaelewa jambo hili. Nyarugusu uliweza kumtembelea shangazi zoni nyingine, ukakaa, ukala naye. Lakini posho ulipokea pale ulipoandikishwa. Linki nayo ni hivyo: inakupeleka kwenye seva ya aliyeandika. Kule wewe ni mgeni. Posti iliyo wazi utaisoma, lakini kujibu ni mpaka urudi kwako.

Fanya hivi:

1. Nakili linki uliyotumiwa, bila kuweka neno la siri popote.
2. Fungua Mastodon yako mwenyewe, ile unayoingia kila siku.
3. Bandika linki kwenye sehemu ya kutafuta, kisha utafute.
4. Posti ileile itatokea ndani ya seva yako. Hapo jibu, ipende, au wasambazie wengine.

Ukitaka kumtumia mtu linki, bonyeza nukta tatu zilizo kwenye posti, uchague kunakili linki. Ukiwa na linki ya posti ya asili, hata asiye na akaunti ataweza kuisoma, mradi iwe ya wazi. Iliyowekwa kwa wafuasi tu haitafunguka kwa mgeni, hata ukimtumia linki mara kumi.

Tahadhari mbili. Kwanza, neno lako la siri ni la seva yako peke yake. Kuna matapeli wanaotengeneza kurasa za kuiga ili walikusanye. Kabla ya kuandika chochote, soma jina la seva lililo juu ya ukurasa. Kama si lako, toka.

Pili, posti ya wazi husomwa na yeyote mwenye linki, na nakala yake huweza kufika kwenye seva nyingi. Hata ukiifuta baadaye, huna uhakika kwamba imefutika kote. Kwa hiyo usiweke humo namba ya simu, anwani ya nyumbani, wala picha ya karatasi zako za uhamiaji.

Yule mama tulibadilisha kwanza neno lake la siri, kwa kuwa alikuwa ameliandika mahali pasipo pake. Alikuwa akilitumia benki pia, basi na huko tukalibadilisha. Kisha akabandika linki kwenye Mastodon yake, akaandika pole. Kabla hajamaliza chai yake, mpwa alikuwa ameshajibu.

Ukikwama, njoo ofisini na simu yako. Neno la siri liache kichwani mwako; hata sisi hatutakuuliza.