Tarakimu Zipimwe Kabla ya Kuhesabiwa

Mtoto wa Masasi au Newala aliyezoea mizani ya korosho ajua kwamba kilo 25 na kilo 10 ni kilo 35. Kompyuta haijui hivyo mpaka ielezwe. Kinachochapwa huipokea kwanza kama maandishi, yaani mfuatano wa alama tu. Katika Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991, "25" ikijumlishwa na "10" hutoa "2510": alama zimeungwa, hazikuhesabiwa. Hapana budi maandishi yageuzwe namba; na kabla ya hapo yapimwe kama yanafaa.

Kipimo chepesi ni kuuliza kama alama zote ni tarakimu. Amri ya isdigit hufanya hivyo: hukubali "25", lakini hukataa "-5" na "12.5", ambazo nazo ni namba. Yafaa zaidi kuiamuru kompyuta ijaribu kuyageuza maandishi kwa float, na kuieleza la kufanya endapo itashindwa. Hapo "12.5" hupita, "1,200" hukataliwa kwa ajili ya mkato, na "2O" kwa ajili ya herufi O. Lakini "nan", lenye maana ya "si namba", hupita pia! Kwa hiyo weka na mipaka: alama za mtihani ziwe kati ya 0 na 100.

Jambo zito kuliko yote ni nafasi tupu. Python huikataa, bali JavaScript, kwa amri ya Number, huigeuza kuwa 0. Hivyo mtoto aliyekosa mtihani kwa homa ataandikiwa sifuri, sawa na aliyeufanya akakosa maswali yote. Wastani utashuka, naye atahesabiwa mzito wa akili.

Somo hili laweza kufundishwa bila kompyuta. Andika mifano hiyo kwenye vikaratasi. Mwanafunzi mmoja awe bawabu. Wengine walete vikaratasi mmoja mmoja, naye akubali au akatae kwa kutoa sababu. Kisha leta namba ya simu inayoanza na 0. Yote ni tarakimu, lakini ikigeuzwa hupoteza sifuri ya mwanzo, nayo haifai tena kupigwa. Mwisho leta karatasi tupu, uwaache wabishane. Wakitambua wenyewe kwamba kutokuwa na jibu si kupata sifuri, somo limefika.