Ekzosi Mpya: Kelele Si Nguvu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Wanafunzi wenzangu, likizo iliyopita kaka yangu, mwendeshaji bodaboda kati ya Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, alinunua ekzosi ya kelele. Mimi ndimi niliyemshikia spana.

Kwanza, injini ipoe kabisa. Fungua nati mbili pale bomba linapoingia kwenye injini, kisha bolti inayoshika ekzosi kwenye fremu. Nati zenye kutu zipake mafuta mapema, ukilazimisha, zitakatika. Toa gasketi kuukuu, weka mpya. Shikisha nati na bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza nati za injini kwa zamu, bolti ya fremu iwe ya mwisho. Washa pikipiki: ukisikia "pu! pu!" pale kwenye gasketi, moshi unavuja.

Hayo yote tulifanya sawasawa. Tulichosahau ni kile kibati cha kukinga joto. Kesho yake huko Kakuma, mama mmoja mzee aliungua shavu la mguu akishuka. Kaka alimpeleka zahanati, pesa za siku nzima zikaishia huko.

Na nguvu je, ziliongezeka? Wapi! Vyumba vilivyo ndani ya ekzosi ya kawaida kazi yake ni kupoza sauti. Ukivikosa, pikipiki ndogo hupiga mayowe tu.

Jioni hiyo tulirudisha ekzosi ya zamani, pamoja na kibati chake.