Kenya Inahitaji Manowari Ngapi?

Alfajiri pale Gikomba, Nairobi, robota la mitumba likikatwa kamba, wateja wa mapema hukimbilia "kamera", nguo safi za daraja la kwanza. "Fagia", zilizochakaa, hubaki chini hadi mwisho. Robota hilo lilishuka melini Mombasa. Bidhaa nyingi zinazouzwa Eastlands hupita njia hiyo hiyo, na makontena mengi hufunguliwa hapa hapa kwenye bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Ngano ya chapati za Kayole na mafuta yanayozikaanga pia kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo. Tuko mbali na maji ya chumvi, lakini bahari ikichafuka kiusalama, bei hupanda kwetu. Ndiyo maana ukubwa wa Jeshi la Wanamaji unamhusu mkazi wa Dandora sawa na wa Likoni.

Wengi wetu tukizungumzia jeshi hilo, tunaanza kwa kuhesabu meli. Mpangaji makini huanza na kazi. Kenya ina haki ya kiuchumi hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni. Humo kuna meli za mizigo za kulindwa, wavuvi haramu wa kukamatwa, magendo ya kuzuiwa na watu wa kuokolewa. Mwaka 2005 maharamia waliiteka MV Semlow ikipeleka mchele wa msaada Somalia. Utekaji ulipozidi miaka iliyofuata, bima ya meli ilipanda, na gharama ya namna hiyo humwishia mnunuzi.

Kazi zikishajulikana, ndipo aina ya chombo huchaguliwa. Boti ndogo ya kasi inafaa karibu na pwani, ila kusi ikivuma haiwezi kukaa mbali siku nyingi. Manowari ya makombora nayo ni ghali mno kwa kumfukuza mvuvi haramu. KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizojengwa Uingereza miaka ya 1980, zilikuja na makombora ya kuzamisha meli. Baada ya ukarabati mkubwa nchini Italia zilirejea 2011 bila makombora hayo, zikiwa meli za doria. Tishio lilikuwa limebadilika, na zana zikabadilishwa kulifuata.

Idadi huja baadaye, na hapo ndipo hesabu huwapotosha wengi. Mwenye matatu za mtaa wa Umoja anajua kwamba gari lililo gereji halibebi abiria, hata kama leseni yake imelipiwa. Kwa meli, kanuni ya kawaida ni tatu kwa moja: moja iko doria, ya pili inaandaa mabaharia wake, ya tatu iko kwenye matengenezo. Ukitaka meli mbili baharini mwaka mzima, panga kumiliki sita.

Kisha kuna muda. Meli hutumika miaka 30 au zaidi, kwa hiyo ya kuziba pengo huagizwa mapema. KNS Jasiri, yenye urefu wa mita 85, iliagizwa Hispania 2003 lakini ikafika Mombasa 2012, kwa sababu mkataba wake ulinaswa katika sakata ya ufisadi ya Anglo Leasing. Miaka kadhaa ya doria ilipotea. Mkataba safi ni sehemu ya ulinzi wa nchi.

Mambo mawili yanatia moyo. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichozinduliwa 2018, kinaweza kubeba kazi za uvuvi na magendo, mradi mipango yake na ya wanamaji iandikwe pamoja. Na Kenya Shipyards, kampuni ya serikali ya kujenga na kutengeneza meli iliyoundwa 2020, ina chelezo Mtongwe, Mombasa. Kila meli inayotengenezwa nyumbani huokoa muda wa safari ya ng'ambo na kuwapa mafundi wetu ujuzi.

Serikali ikitangaza kununua meli mpya, mwulize mbunge wako maswali matatu. Itafanya kazi gani? Itakuwa baharini siku ngapi kwa mwaka? Nani ataitengeneza, na kwa bajeti ipi? Majibu yakikosekana, fedha hizo zitumike kwanza kuzirudisha baharini meli tulizo nazo.