Mimea ya Ndani na Hewa ya Nyumba

Imani ya kwamba mmea wa chunguni husafisha hewa ya nyumba ina chimbuko lake. Mwaka 1989, mtafiti Bill Wolverton wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, alitoa matokeo ya majaribio ambamo mimea ilifungiwa katika visanduku vilivyozibwa kabisa, kisha ukaingizwa mvuke wa benzini na formaldehaidi. Mvuke huo ulipungua. Miongoni mwa mimea hiyo ilikuwamo jamii ya isale, ambalo Wachaga hulipanda mipakani mwa mashamba na kuombea msamaha.

Nyumba, hata hivyo, si kisanduku kilichozibwa. Hewa hupita milangoni, madirishani na chini ya paa. Mwaka 2019, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia upya majaribio ya namna hiyo, wakakadiria kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa, ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba. Katika chumba cha namna hiyo mwenye nyumba hana pa kukanyaga.

Kwa mkazi wa Ibaba, wilayani Ileje, jambo hili lina uzito wa pekee. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi za juu huwashawishi watu kufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Makaa mekundu yasiyotoa moshi wowote bado huitoa, na hakuna mmea uwezao kuiondoa kwa kasi ya kumwokoa aliyelala.

Mhudumu wa zahanati akipokea watu wawili au watatu wa nyumba moja walioamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, aulize habari za jiko, hata kama anashuku malaria. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimtulize: hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo, hivyo huweza kuonyesha 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Mgonjwa apewe oksijeni kwa barakoa mara moja, kisha apelekwe hospitali. Mjamzito asicheleweshwe, hata akijiona nafuu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Nyumbani, jiko litolewe nje kabla ya kulala na dirisha liachwe wazi kidogo, blanketi likiongezwa. Isale na libaki sebuleni kwa uzuri wake.